Umeme wa Usiku wa Manane: Kuchaji Gari Ukiishi Ghorofani

Mwenyekiti, wajumbe wa kamati za majengo, mafundi mliofika, na ninyi wakazi wenzangu mnaolala juu ya dari za majirani na chini ya sakafu za majirani, hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naishi ghorofa ya pili katika jengo lenye fleti 40, na kwa sasa ni katibu wa kamati ya jengo hilo. Gari langu la umeme lilikuja kabla ya ukatibu, na ndilo lililonisukuma kuingia kwenye kamati. Naomba nianze na usiku mmoja, maana yote nitakayosema yametokana na usiku huo.

Mwezi wa kwanza baada ya kununua gari, nilikuwa nachaji kwa kuteremsha ekstensheni kutoka roshani hadi chini nilikoegesha. Kebo ilikuwa ndefu kuliko nilivyohitaji, kwa hiyo nusu yake ilibaki imeviringwa kwenye gurudumu lake, kando ya pazia la sebule. Saa nane usiku mwanangu mdogo akaja kuniamsha, akasema nyumba inanuka. Kweli ilinuka plastiki iliyoungua. Niliweka kiganja juu ya gurudumu nikakiondoa upesi. Nikazima swichi, nikasubiri kidogo, nikavuta plagi, haikutoka. Ilikuwa imeshikana na soketi. Ilipong'oka ilikuja na kipande cha uso wa soketi. Tundu moja lilikuwa la kahawia na plastiki yake imelegea kama nta. Upande wa pili wa ukuta ule ndipo kilipo kitanda cha yule mtoto.

Soketi ile haikuwa mbovu. Tulichemshia maji hapo miaka mingi. Lakini birika linavuta wati 2000 kwa dakika tano, kisha soketi inapumzika. Gari langu lilikuwa likivuta wati 2300, ampea 10, kwa saa tisa mfululizo. Ndani ya soketi kuna vibanzi vya shaba vinavyokumbatia pini za plagi. Vikizeeka vinalegea, na mahali vinapogusana na pini panazaa ukinzani. Chukua nusu omu tu ya ukinzani, uzidishe kwa ampea 10, kisha tena kwa ampea 10: unapata wati 50 za joto kwenye sehemu ndogo kuliko ncha ya kidole. Pasi ya lehemu ya fundi redio huwa na wati kama hizo, na inayeyusha risasi ya kulehemia. Ile kebo iliyoviringwa nayo ilikuwa ikijipasha yenyewe, kila mzunguko ukiufunika mwenzake. Ukitazama kibandiko cha gurudumu la ekstensheni, kwa kawaida kimeandikwa namba mbili: wati inazoweza kubeba ikifunguliwa yote, na wati chache zaidi ikiwa imeviringwa. Mimi sikuwa nimesoma kibandiko.

Nalisema hili kwanza kwa sababu najua katika ukumbi huu wapo wanaofanya hivyo hivyo leo usiku. Tafadhali acheni. Kama ni lazima utumie soketi ya kawaida kwa muda, iwe soketi mpya imara, kwenye laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, bila ekstensheni, na uishushe chaja ivute ampea 8 au chini ya hapo. Nusu saa baada ya kuanza, gusa uso wa soketi. Vuguvugu sawa, ikikuunguza, zima.

Basi baada ya usiku ule nikaandika barua kwa kamati ya wakati huo kuomba laini ya kuchajia kwenye maegesho. Jibu lilikuwa mstari mmoja: hairuhusiwi, umeme wa jengo hautoshi. Hakuna aliyekuwa amepima. Nina hakika hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na hofu, na hofu isiyo na namba haina pa kuishia.

Hebu tuziangalie namba hizo. Gari la umeme la kawaida linakula yuniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Yuniti ninayoisema ni ile ile mnayoiona kwenye mita ya nyumbani, kilowati moja kwa saa moja. Mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku anahitaji basi yuniti 6 hadi 8, pamoja na kidogo kinachopotea njiani kati ya soketi na betri. Kwa laini ya ampea 16 kwenye volti 230, ambayo ni kilowati 3.7, hizo ni saa mbili na ushee. Gari lenyewe limelala pale saa kumi au kumi na mbili. Watu wengi wanapofikiria kuchaji wanafikiria pampu ya mafuta: unafika tupu, unajaza, unaondoka. Gari la nyumbani halichajiwi namna hiyo. Linarudishiwa kilichotumika jana, na betri yenyewe inashukuru, kwa maana betri nyingi za lithiamu hudumu zaidi zisipokaa zimejaa pomoni wala kuachwa zikauke. Kwa matumizi ya kila siku, kati ya asilimia 20 na 80 panatosha, ingawa betri za aina ya LFP, yaani za lithiamu, chuma na fosfeti, watengenezaji wengi hushauri zijazwe kabisa mara kwa mara ili gari lijue kiasi halisi kilichomo.

Kwa hiyo swali la jengo ni hili: saa zipi umeme upo, na nani anapata zamu lini. Hapa nawaomba mnivumilie, maana ndipo majengo mengi yanapokosea.

Jengo letu limeunganishwa kwa fezi tatu, na fyuzi kubwa ni za ampea 200 kila fezi. Hizo ni takriban kilowati 138. Nilipoingia kwenye kamati tulimwita fundi akafunga kipimo cha kurekodi kwenye nyaya kuu, kile chenye taya zinazobana waya kwa nje bila kuukata. Kikakaa wiki mbili. Kilipotolewa tukachora mchoro, na nikauning'iniza ukutani karibu na lifti kila mtu auone. Saa moja hadi saa tatu jioni, wakati majiko yote yamewaka na watu wanaoga, jengo lilifika kilowati 96. Saa sita usiku liliporomoka chini ya 30, na likakaa hapo hadi alfajiri. Friji, taa za ngazi, pampu ya maji, basi. Kilowati zaidi ya 100 zilikuwa zinapatikana kila usiku wa manane, na hakuna anayezitumia. Mzee mmoja wa ghorofa ya sita alisimama mbele ya mchoro ule kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kumbe tulikuwa tunakatazana kitu tulichonacho?"

Sasa angalieni njia mbili za kuugawa umeme huo.

Ya kwanza ndiyo inayoonekana rahisi: kila mwenye gari avute waya wake mwenyewe kutoka kwenye mita yake hadi sehemu yake ya kuegesha, afunge chaja ya ampea 32, kilowati 7.4. Wa kwanza anafanikiwa. Wa pili na wa tatu pia. Lakini fundi makini anapohesabu mzigo lazima achukulie kwamba wote wanaweza kuwasha saa moja jioni, kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya: unarudi, unachomeka, unapanda juu. Juu ya kilowati 96 za jioni zimebaki 42 tu. Magari matano yanazimaliza. Wa sita anaambiwa jengo limejaa, na yeye amelipa gharama za jengo miaka ile ile kama wale watano. Wote 40 wakitaka, ni kilowati 296, zaidi ya mara mbili ya uwezo wa jengo zima. Hapo ndipo watu wanapoanza kuzungumzia transfoma mpya, na mazungumzo yanafia hapo. Mimi mwenyewe nilitaka njia hii mwanzoni. Ningekuwa wa kwanza, na ningekuwa nimemfungia mlango jirani yangu.

Njia ya pili ni laini moja nene ya pamoja inayopita juu ya maegesho yote, kila sehemu ya gari ikichomoa tawi lake, na chaja zote zikiongozwa na kifaa kimoja kinachosoma mzigo wa jengo kila sekunde chache. Jengo likielemewa, chaja zinapunguza. Jengo likilala, zinaongeza. Sisi tuliweka kikomo cha kilowati 70 kwa magari kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa sita mara 70 ni yuniti 420. Magari 40, kila moja likirudishiwa yuniti 8, yanahitaji 320. Zinatosha na nyingine zinabaki, kwa fyuzi zile zile, bila transfoma mpya.

Wengi huuliza gari linajuaje kwamba lipunguze. Hii kwa mwalimu wa fizikia ni starehe, kwa hiyo niruhusuni. Ndani ya kebo ya kuchajia, pamoja na nyaya za umeme mkubwa, upo waya mwembamba wa mazungumzo. Chaja inaweka volti 12 juu yake. Ukichomeka, gari linaishusha hadi 9, maana yake: nimefika. Likiwa tayari kupokea linaishusha hadi 6, na hapo ndipo swichi nzito ndani ya chaja inaita "tak", umeme unapita. Kabla ya hapo waya na plagi havina moto, ndiyo maana unaweza kuchomeka kwenye mvua bila kudhurika, mradi kifaa ni kizima. Wakati huo huo chaja inapiga mapigo 1000 kila sekunde kwenye waya ule mwembamba, na upana wa pigo ndio ujumbe. Pigo likichukua nusu ya muda wake, gari linaelewa: una ruhusa ya ampea 30. Likichukua robo, ampea 15. Likichukua sehemu moja ya kumi, ampea 6, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Chini yake gari linasimama na kusubiri. Kwa hiyo kifaa cha kuongoza hakihitaji kuingia ndani ya gari la mtu. Kinabadilisha upana wa pigo, na magari yote, ya kampuni yoyote yanayofuata kanuni hiyo, yanatii.

Mkiagiza mfumo huo, kuna neno moja la kumwambia muuzaji: OCPP. Ni lugha ya wazi ambayo chaja hutumia kuzungumza na kituo chake. Chaja zinazoijua lugha hiyo zinaweza kuhamishiwa kwa mwendeshaji mwingine bila kung'olewa ukutani. Jengo lililofunga chaja zisizoijua limejifunga kwa muuzaji mmoja, na akipandisha bei au akifunga biashara, wakazi wanabaki na mabati ukutani. Muulizeni fundi pia kuhusu kinga ya uvujaji wa umeme. Chaja ya gari inaweza kuvujisha umeme mnyoofu, ule kama wa betri, na kikatio cha kawaida cha uvujaji hupofushwa nao. Inatakiwa kinga inayokata uvujaji wa namna hiyo ukifika miliampea 6, ama ndani ya chaja ama kwenye bodi. Fundi asiyelijua hili asiguse maegesho yenu.

Nani alipe? Nimekaa kwenye mikutano iliyoharibika kwa swali hili. Msimamo wangu ni kwamba laini kuu ya pamoja ni mali ya jengo, kama lifti na paa, na wenye fleti wote waichangie kwa kiwango wanachochangia mambo mengine ya jengo. Kuanzia tawi hadi chaja, kila mtu alipe chake siku anapohitaji. Umeme wenyewe usipite kwenye bili ya pamoja hata siku moja: kila chaja iwe na mita yake iliyothibitishwa, na anayechaji alipe yuniti alizochukua. Mama asiye na gari asilipie safari za jirani. Hiyo ni haki yake na aidai kwa sauti. Lakini naye fleti yake ina sehemu ya kuegesha, na siku akitaka kuiuza au kuipangisha, mteja atauliza.

Wapangaji ndio walio na mzigo mzito zaidi, na sheria nyingi zimewasahau. Mpangaji hawezi kutia fedha kwenye ukuta usio wake, na mwenye nyumba haoni faida ya kumfungia chaja mtu atakayehama mwakani. Tulichofanya sisi ni kuifanya chaja kuwa mali ya jengo, mpangaji akalipa kodi ndogo ya mwezi kwa kuitumia. Akihama, chaja inabaki kwa atakayemfuata. Si njia kamilifu. Imewasaidia watu wanne.

Kwa wanaoambiwa "haiwezekani kisheria", jueni kwamba kwingine imewezekana. Hispania, mwenye sehemu yake ya kuegesha katika jengo la pamoja anatakiwa kuwaarifu wenzake tu kabla ya kufunga chaja ya matumizi yake, si kuwaomba kura. Ujerumani ilibadilisha sheria ya umiliki wa fleti kuanzia Desemba 1, 2020, ikampa kila mwenye fleti haki ya kudai uwezekano wa kuchaji, wenzake wakibakiwa na sauti juu ya namna ya kufanya. Norway, bodi ya jengo haiwezi kukataa bila sababu ya msingi, na huko mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme tupu. Uingereza, tangu Juni 2022, nyumba mpya zenye maegesho zinatakiwa kujengwa na mahali pa kuchajia tayari. Sheria ya Ujerumani ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu haimwachii mtu mmoja aamue peke yake, wala haiwaachii wengi wamzuie mmoja.

Nije kwenye moto. Sitaupita haraka, kwa sababu nililala karibu nao.

Agosti 1, 2024, huko Incheon, Korea Kusini, gari la umeme liliwaka katika maegesho ya chini ya majengo ya fleti. Mamia ya magari yaliungua au kuharibiwa na moshi, na wakazi wengi walilazimika kuhama kwa siku kadhaa. Picha zile mmeziona, na ndizo zinazoletwa mezani kila nikitaja chaja. Mambo mawili kuhusu siku ile hayatajwi sana. Gari lile halikuwa linachaji. Lilikuwa limeegeshwa tu. Na vinyunyizio vya maji darini havikumwaga maji pale moto ulipoanzia, kwa sababu mtu kwenye chumba cha uangalizi aliuzima mfumo baada ya king'ora kulia. Betri ya lithiamu ikianza kuwaka ni ngumu kuzimwa, inajizalishia joto na inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Hilo ni kweli na zimamoto wanalijua. Takwimu za Norway na Sweden pia zinaonyesha kwamba, kwa idadi sawa ya magari, ya umeme yanashika moto mara chache kuliko ya petroli na dizeli, ingawa ni haki kukumbuka kwamba mengi yake bado ni mapya. Kinachofuata kwa jengo ni kukagua vinyunyizio, kuhakikisha vitambua moshi vinafanya kazi, kuweka swichi moja mlangoni inayozima chaja zote, kuwaonyesha zimamoto ilipo, na kuacha njia yao wazi. Kukataza chaja kwenye maegesho hakuliondoi gari la umeme kwenye maegesho. Kunaisukuma kebo ipande dirishani, kama yangu.

Wasio na sehemu ya kuegesha kabisa, wanaoacha gari barabarani, sina jibu kamili kwao leo. Miji kama London imefunga soketi kwenye nguzo za taa za barabarani, na inafanya kazi kwa sababu nguzo tayari ina umeme na gari liko pale usiku kucha. Kuchaji kazini kunasaidia sana. Vituo vya kasi ni msaada wa safari, lakini kwa kawaida yuniti yake ni ghali kuliko ya nyumbani, na gari linapunguza kasi ya kuchaji likikaribia asilimia 80, kwa hiyo usikae pale kungoja 100 huku foleni ikikua nyuma yako. Kebo kukatiza njia ya waendao kwa miguu, hapana. Mtu asiyeona, mzee mwenye mkongojo, mtoto kwenye baiskeli: yeyote kati yao atajikwaa kwa sababu yako.

Kama yupo hapa anayejenga jengo jipya, ombi langu kwake ni dogo. Kabla zege halijamwagwa, weka mabomba matupu ya kupitishia nyaya hadi kila sehemu ya gari, na uache nafasi kwenye chumba cha umeme kwa bodi moja zaidi. Usinunue chaja hata moja. Bomba tupu wakati wa ujenzi ni kazi ya nusu siku. Kulitoboa zege hilo hilo baada ya miaka kumi kunagharimu mara nyingi zaidi, na kwetu lilitutoa jasho wiki tatu, na majirani hawakulala mchana.

Nyie wengine, msianze na kura. Kura kabla ya kipimo ni ugomvi. Anzeni na wiki mbili za kurekodi mzigo, mchoro uning'inizwe mahali watu wanapopita, kisha ndipo mwite mkutano. Kipimo tulichotumia sisi baadaye tulikinunua, na nimekuja nacho. Nakikabidhi kwa mwenyekiti sasa hivi. Jengo lililo tayari lije na fundi wake mwenye leseni, likichukue, likimaliza wiki zake mbili lipitishe kwa jengo linalofuata kwenye orodha. Orodha iko pale mlangoni, na kalamu iko juu yake.